Mafundi wa akwariamu na mabwawa Dodoma, acheni kusingizia "maji ya chumvi". Samaki mnawaua ninyi

Wakuu, salaam.

Uzi huu naufungua kwa hasira na sitaupamba. Ilazo, Kisasa, Iyumbu, mpaka Mtumba kwenye ofisi, anayejenga sasa anataka bwawa la samaki wa dhahabu mbele ya baraza au akwariamu kubwa mapokezi. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni wanaojenga na kuuza. Fundi anamaliza kazi saa nane mchana, anajaza maji ya bomba, saa kumi anamwaga samaki thelathini, anapokea hela yake, anaondoka. Siku ya kumi samaki wanaelea. Akipigiwa simu jibu ni lilelile: "Bosi, maji ya Dodoma yana chumvi, hawa samaki hawayawezi." Kisha anauza wengine thelathini, nao wanakwenda njia ileile.

Huo ni uongo, na unalipisha watu mara mbili.

Maji yetu mengi ni ya visima virefu, Mzakwe na bonde la Makutupora. Ni magumu: birika linaota magamba meupe, sabuni inagoma kutoa povu. Kwa samaki wa dhahabu ugumu huo ni neema. Samaki huyu anapenda pH (kipimo cha uchachu wa maji; 7 ni katikati) ya 7.2 hadi 8.4, na madini yale ndiyo yanayoizuia pH isiporomoke ghafla. Samaki huyuhuyu akiugua anatibiwa kwa chumvi gramu 3 katika kila lita, maji ambayo wewe ukiyaonja utayatema. Sasa atakufaje kwa chumvi ya bombani?

Kinachomuua ni kinyesi chake mwenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji na mawe ya filta: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ukiwa unabadilisha maji. Bakteria hao hawapo siku ya kwanza. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga, na Juni hadi Agosti, usiku wa Dodoma ukiwa wa baridi, huchukua muda mrefu zaidi. Fundi anayemwaga samaki siku ya kujaza maji amewaweka ndani ya choo kisicho na shimo.

Na hapa ndipo ugumu wa maji yetu unapoingia kwa kweli, na hakuna fundi anayeueleza. Amonia ina sura mbili, moja kali na moja pole. Kwenye pH 7 na nyuzi joto 25, sura kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inapita kidogo asilimia 5. Maana yake amonia ileile ambayo samaki wa mahali penye maji laini angeivumilia, hapa inamchoma mashavu. Kwa hiyo maji ya Dodoma ni mazuri, ila hayasamehi uvivu. Ndiyo maana nasema kukomaza filta hapa ni lazima, na anayekurukisha hatua hiyo anakuibia.

Jinsi ya kukomaza: jaza tangi, ondoa klorini, washa filta na pampu ya hewa, usiweke samaki. Tia chakula cha samaki kidogo kila siku kioze, au tia amonia ya dukani isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili kwa kipimo cha matone. Vile vitepe vya karatasi vikishapigwa na unyevu vinasoma uongo. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka huku nitriti ikipanda, kisha zote mbili zinakuwa sifuri na nitrati inajitokeza. Ukitia amonia ya miligramu 2 leo na kesho saa zilezile zote mbili ni sifuri, tangi limekomaa. Njia ya mkato ya halali ipo moja tu: sponji iliyotumika, kutoka kwa mwenye tangi lenye afya, ibebwe ikiwa imelowa maji ya tangi lake na iwekwe kwako ndani ya saa chache.

Klorini nayo. Maji ya bomba yakae saa 24 kwenye simtanki wazi yakipuliziwa hewa, au tia fuwele za sodiamu thaiosalfeti, gramu 1 kwa lita 100, kiasi kinachotosha kwa klorini ya kawaida ya bomba. Na msioshe sponji ya filta chini ya bomba! Mnawaua bakteria mliowasubiri wiki sita, halafu wiki inayofuata mnashangaa samaki wanahema juu ya maji. Ikamue ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, basi.

Sasa vioo. Akwariamu ya sentimita 120 kwa 45 kwa 50 inabeba lita 270, yaani maji pekee kilo 270. Kioo cha milimita 10 kwa tangi hilo kina kilo 55 hivi. Weka mchanga na mawe, umevuka kilo 350. Kuna mafundi wanaunga tangi hilo kwa kioo cha milimita 6, kile cha dirisha, ili bei ipungue. Kioo kinapinda tumboni, silikoni inavutwa kila siku, mwisho inaachia usiku. Na silikoni yenyewe ni ile ya bafuni, yenye dawa ya ukungu ndani. Dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Silikoni inayofaa ni ile isiyo na dawa hiyo, na isubiriwe wiki nzima ndipo tangi lijazwe kwa majaribio. Chini ya tangi pawe na ubao ulionyooka na karatasi ya sponji, kwa sababu punje moja ya kokoto chini ya kioo inatosha kukipasua.

Mabwawa ndiyo aibu kubwa zaidi. Saruji mpya inatoa chokaa, pH inapanda juu ya 9, hata 10. Bwawa lijazwe, likae wiki, limwagwe, na hivyo mara tatu, kuta zikisuguliwa kwa siki katikati. Pima pH siku mbili baada ya kujaza mara ya mwisho. Ikiwa bado inazidi ile ya bomba kwa zaidi ya 0.5, rudia, au paka rangi ya epoksi inayoruhusiwa kwenye matangi ya maji ya kunywa. Nani kati yenu mafundi anafanya hivyo? Mnajaza Ijumaa, Jumamosi samaki ndani.

Kina kisipungue sentimita 80. Mabwawa ya sentimita 35 mnayojenga yanapendeza kwenye picha, lakini jua la Oktoba na Novemba linayapasha mpaka nyuzi 30 na zaidi, halafu usiku yanapoa haraka. Mji wetu uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa ni nyepesi: maji ya nyuzi 30 hapa hubeba takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita, wakati pwani kwa joto hilohilo ni 7.5. Samaki wa dhahabu anapenda nyuzi 18 hadi 24. Tandika neti ya kivuli juu ya nusu ya bwawa, na weka maporomoko au mawe ya hewa yanayofanya kazi usiku kucha, kwa sababu alfajiri ndipo oksijeni huwa chini kabisa.

Ukingo wa bwawa uinuke sentimita 15 juu ya ardhi. Mvua za Desemba zikianza, maji ya uani huingia na udongo mwekundu, sabuni ya kufulia na dawa za bustani.

Kwa idadi: bwawa la mita 3 kwa 2 kwa 0.8 lina lita 4,800. Wale wa mkia mmoja wanafika sentimita 30, wanaishi miaka 10 hadi 20 wakitunzwa. Wape lita 200 kila mmoja, yaani 24 tu, siyo 80. Wale wa mwili wa duara, oranda na ranchu na wenye macho ya kutokeza, waacheni kwenye akwariamu: lita 75 kwa wa kwanza, 40 kwa kila anayeongezeka. Wasichanganywe na wa mkia mmoja, hawafiki kwenye chakula. Na kuna wauzaji wanaouza vifaranga vya koi kwa jina la samaki wa dhahabu. Tazama mdomo: koi ana sharubu, wa dhahabu hana kabisa. Koi anavuka sentimita 60, na hapo ndipo bwawa lako linapogeuka gereza.

Filta ya bwawa la lita 4,800 siyo kile kiboksi kidogo chenye sponji moja. Pampu izungushe maji yote angalau mara moja kila saa mbili, ikiwezekana kila saa. Someni lebo vizuri: lita 3,000 kwa saa ni pale maji hayapandi popote, ukiyapandisha mita 1.5, pampu nyingi ndogo zinatoa nusu au pungufu. Mapipa mawili ya plastiki ya lita 200 yanatosha: la kwanza brashi na kitako cha kutuamisha uchafu, chenye koki ya kumwagia chini, la pili sponji na mawe mepesi yenye vitundu. Pipa lililowahi kubeba kemikali usilitumie hata ulioshe mara mia.

Kuna na hili la kujazia. Dodoma ukavu na upepo wa kiangazi hunyonya maji, na watu hujazia tu kila wiki wakidhani wamebadilisha. Maji yanayopaa huacha madini na nitrati nyuma, kila ukijazia unazidisha. Lazima utoe kwanza, robo ya maji kila wiki kwa akwariamu, ndipo utie mapya. Mgao wa maji ukikubana, kuwa na simtanki la lita 1,000 la akiba. Yale unayotoa usimwage barabarani, mwagia miti. Ni mbolea nzuri.

NYONGEZA, kwa maswali yaliyokuja humu:

Mkuu aliyeuliza kuhusu mrututu kwenye maji ya kijani: hapana, hapana. Najua kwa wakulima wa zabibu upo nyumbani na fundi amekwambia "kijiko kimoja". Mrututu ni shaba. Kwenye maji magumu sehemu yake hutuama chini na sehemu hubaki, kwa hiyo hakuna kijiko unachoweza kukiamini. Unaua konokono, unadhoofisha bakteria wa filta, na mwani ukifa kwa mkupuo unaoza na kumaliza oksijeni usiku huohuo. Ukijani unatokana na jua na chakula kingi. Ongeza kivuli, punguza kulisha, ongeza filta au taa ya UV.

Dada uliyesema samaki walitoka Dar wakiwa hai wakafa saa moja baada ya kufika: kilomita zaidi ya 400 ndani ya mfuko, hewa chafu waliyotoa hushusha pH, na amonia iliyojaa humo inabaki sura ile ya upole. Mfuko ukifunguliwa na maji yetu yakaanza kudondoshwa humo polepole, pH inapanda na amonia inageuka kali wakiwa bado ndani. Baada ya safari ndefu, mfuko uelee ukiwa umefungwa dakika 20 joto lilingane, kisha fungua, watoe kwa wavu mara moja, watie kwenye maji yasiyo na klorini. Maji ya mfuko usiyamwage tangini. Muuzaji asiwalishe siku moja kabla ya safari, na wakifika wakae tangi la peke yao wiki 3 hadi 4.

Ambao samaki wenu wanahema juu leo: acha kulisha, badilisha nusu ya maji, ongeza hewa. Nitriti ikiwa juu, tia chumvi gramu 1 kwa lita, yaani kilo moja kwa lita 1,000. Inazuia nitriti kuingia mashavuni. Pima kila siku mpaka itulie.

Umeme ukikatika zaidi ya saa chache, filta ya kufungwa usiiwashe moja kwa moja. Maji yaliyolala ndani yameoza. Ifungue, isuuze kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pampu ya hewa yenye betri ni ya lazima kwa tangi lolote kubwa.

Na aliyechoka nao, asiende kuwamwaga bwawa la Hombolo wala mto wowote. Wanachimbua tope, wanakula mayai ya wengine, na ugonjwa wanaobeba unaweza kufika kwa perege.

Ombi langu kwa wenye matangi yaliyotulia, yasiyoingizwa samaki mgeni kwa miezi miwili au zaidi: andikeni hapa mtaa wenu na kama mna sponji ya kugawa. Anayeanza apite na ndoo yenye kifuniko.