Mrejesho: Krismasi ya kifahari Dar na mama watoto

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza hapa namna ya kumpa mama watoto wikendi ya Krismasi ya hadhi jijini Dar, tukitokea Dodoma. Asanteni wote.

Mliosema tuache gari tupande treni ya SGR, Mungu awabariki. Tiketi nilikata mapema, tukafika hata hatujachoka. Aliyeshauri chumba cha Masaki kinachotazama bahari naye nampa tano. Bei ilichoma, lakini asubuhi mwenzangu alikaa kibarazani na chai yake, simu hakuigusa. Misa ya mkesha tulisali Mtakatifu Yosefu, kule karibu na bandari. Wahini, sisi tulisimama mwanzo mwisho.

Nilipofeli ni chakula cha usiku. Mliniambia nilipie meza kabisa, nikapuuza, nikaweka oda kwa simu tu. Kufika, meza kapewa mtu mwingine! Tukaishia Coco Beach kwenye mishikaki na mihogo, na suti yangu mwilini. Alicheka mpaka machozi.

Kisiwani Mbudya hatukwenda, bahari ilichafuka. Barabara za Dar zilikuwa nyeupe, hazina foleni, si mnajua wenye mji wao, Wachaga, walishapanda kwao Moshi kula Krismasi.