Mjadala: Ilikuwa haki mtoto wa miaka 14 kubebeshwa kampuni nzima ya filamu?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Juzi nimeitazama tena Three Smart Girls, komedi ya nyimbo ya Universal, kampuni ya filamu ya Marekani, iliyotoka mwishoni mwa 1936. Mabinti watatu wanatoka Uswisi hadi New York kumzuia baba yao asimwoe mwanamke anayemezea mate mali yake. Mdogo wao ni Deanna Durbin, na hiyo ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Anaimba kama mtu mzima aliyesomea opera, halafu papo hapo anageuka kitoto kitundu. Naipenda sana filamu hii.

Ila safari hii nilijikuta nahesabu miaka. Durbin alizaliwa Winnipeg, Kanada, Desemba 1921, kwa hiyo upigaji picha ulianza akiwa na miaka 14. Universal ilikuwa taabani. Mwaka huohuo mwanzilishi wake, Carl Laemmle, alikuwa ameipoteza kwa sababu ya madeni. Filamu ikavuma, ikateuliwa kuwania Oscar tatu, ikiwemo ya filamu bora, na binti akaanza kuitwa mwokozi wa Universal. Wapo wanaosema sifa hiyo imetiwa chumvi. Hata wakiwa sahihi, watu wazima waliridhika riziki yao itegemee koo la mtoto, na kuanzia hapo kukua kwake kukawa tatizo la kibiashara. Mwaka 1939 busu lake la kwanza kwenye filamu lilikuwa habari kubwa magazetini. Busu!

Msimamo wangu: mtoto aimbe, hata kwenye filamu. Kumfanya nguzo ya biashara ni kumdhulumu, hata akilipwa vizuri.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakupinga. Studio nyingine, MGM, walikuwa naye kwanza, wakamchezesha filamu fupi moja pamoja na binti mwenzake mwimbaji, Judy Garland, kisha wakamwachia. Universal ndio waliomfungulia mlango. Miaka ya arobaini alikuwa miongoni mwa wanawake waliolipwa zaidi Marekani. Akaacha kwa hiari yake, akahamia kijijini Ufaransa, akafariki 2013 akiwa na miaka 91. Nani kaumia hapo? Tatizo ni wazazi wanaokula hela za watoto. Jackie Coogan alicheza filamu na mchekeshaji Charlie Chaplin akiwa mdogo, alipokuwa mtu mzima akakuta fedha zimeshatumika, akamshtaki mama yake na baba wa kambo 1938. Sheria ya kulinda mapato ya watoto ikaja California 1939. Dawa ilipatikana.

Mleta mada:
Ndugu, sheria hiyo ilikuwa na mianya mingi, na iliimarishwa hasa mwaka 2000, ikataka asilimia 15 ya pato iwekwe akiba kwa mtoto. Miaka sitini! Na akiba ni ya fedha tu. Huyo Judy uliyemtaja alisimulia mwenyewe vidonge alivyopewa na studio ili aendelee kufanya kazi, na alifariki London 1969 akiwa na miaka 47. Usingizi wake ungewekwa benki gani?

Kuhusu Durbin, filamu yake ya mwisho ilitoka 1948, bado hajafika miaka 27, sauti ikiwa nzima. Hakurudi tena. Wewe unasoma hapo furaha. Mimi namwona mtu aliyekimbilia maisha aliyonyimwa.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mama. Binti yangu ana miaka 12, anaimba kwaya, na watu wananiambia nimrekodi niweke mtandaoni tupate chochote. Sina nia mbaya naye. Mnataka nimfungie kipaji chake ndani?

Mleta mada:
Hapana dada, usimfungie. Mrekodi akitaka mwenyewe. Suala lako si geni: 2024 California ilipitisha sheria ya kuwawekea akiba watoto wanaotumika kwenye video za mtandaoni, maana ndani ya nyumba nyingi mzazi sasa ndiye studio. Nakuomba kitu kimoja tu: kodi ya nyumba isitegemee video zake. Ikishategemea, siku atakapoamka na kusema leo sitaki kuimba, utamjibu nini?