GRUB ya zamani kwenda GRUB 2 kwenye Debian: nianzie wapi?

Mwana Kadutu
Jambo wandugu. Hapa Kadutu, Bukavu, tuna kompyuta ya fotokopi yenye Debian na Windows XP. Debian tumeipandisha toleo kwa toleo tangu Lenny (Debian 5), ila ikiwaka bado inasoma menu.lst, faili la menyu la GRUB 0.97, ile programu inayowasha mfumo unaouchagua. Nataka kuhamia GRUB 2, na XP ibaki kwenye menyu maana skana yetu inafanya kazi huko tu. Wanafunzi wanaleta TFC zao (kazi za kumaliza masomo) kila siku, mashine haiwezi kulala.

Yaya Furaha, Ibanda
Mdogo wangu, hama. Hiyo 0.97 ni ya mwaka 2005, haikufuatwa na nyingine.

Kwanza andika `fdisk -l`, utazame sehemu ya kwanza ya diski inaanzia sekta gani. Ikiwa 2048, tulia, nafasi iko tele. Ikiwa 63, kama diski nyingi za enzi ya XP, mbele yake zimebaki sekta 62, yaani kilobaiti 31, na humo ndimo GRUB 2 inapoweka kiini chake. Kwa ext3 ya kawaida, aina ya mfumo wa faili wa Linux, kinaenea. Kama /boot, folda ya faili za kuwashia, iko ndani ya LVM (mfumo wa kugawa diski kwa sehemu zinazobadilika ukubwa), kinaweza kukosa nafasi.

Halafu `apt install grub-pc`, ndiyo pakiti ya GRUB 2. Itakuuliza kama iongeze mstari wa kuiita GRUB 2 ndani ya menu.lst. Kubali! Njia hii naipenda sana: ya zamani inabaki mlangoni, mpya unaijaribu kupitia kwake. Ikiwaka vizuri, ndipo uendeshe `upgrade-from-grub-legacy` na kuchagua /dev/sda (diski nzima), si /dev/sda1 (sehemu yake). Onduleri (betri ya akiba umeme ukikatika) iwe imejaa.

Fundi wa Nguba
Kabla ya hatua hiyo ya mwisho hifadhi mwanzo wa diski kwenye flashi: `dd if=/dev/sda of=mwanzo.img bs=512 count=63`. Jedwali la sehemu za diski limo humo pia, kwa hiyo ukishabadilisha sehemu, faili hilo usilirudishe.

Mwana Kadutu
Aksanti sana. Ni 63, ext3. GRUB 2 imewaka kupitia menyu ya zamani, lakini XP haimo.

Yaya Furaha, Ibanda
Tangu toleo 2.06, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka uiruhusu. Weka os-prober, programu inayoitafuta, kisha ndani ya /etc/default/grub andika `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, halafu `update-grub`. Tafadhali, grub.cfg, faili la menyu la GRUB 2, usiiguse kwa mkono: kila kerneli (kiini cha Linux) mpya inapoingia, inaandikwa upya na kazi yako inapotea.

Fundi wa Nguba
Na ukitaka kuandika mstari wa XP mwenyewe, uweke kwenye /etc/grub.d/40_custom. Diski bado zinahesabiwa kuanzia 0, lakini sehemu sasa zinaanzia 1. (hd0,0) yako ya zamani ni (hd0,1).

Mwana Kadutu
XP imetokea, skana inafanya kazi. Nimeshahifadhi mwanzo wa diski. Tukifunga jioni namalizia.