Mama ameandikwa "single" kwenye fomu ya viza

Dada wa Nyalenda:
Hamjambo ndugu. Mama amenyimwa viza ya kuja kunitembelea. Kijana wa saiba aliyemjazia fomu pale Kisumu alimuuliza, "Mama, unaishi peke yako?" Akajibu ndiyo, mzee alishafariki. Kijana akabofya "single", yaani mseja. Nasi tulikuwa tumeambatisha barua ya pensheni ya mjane! Wamesema maelezo yanapingana. Tuombe upya tukieleza kosa, au kuna kukata rufaa? Mjukuu anabatizwa Agosti.

Mzee wa Kondele, Leeds:
Pole sana binti yangu. Neno hilo liliniumiza hata mimi. Nilipofika huku Uingereza niliomba tiketi ya treni "single" nikijua ni ya mtu mmoja. Kumbe ni ya kwenda tu, jioni nikalipa tena kurudi. Kaunsili, serikali ya mtaa ya huku, nao wana "single" yao: ukiwa mtu mzima peke yako nyumbani unapunguziwa kodi ya kaunsili asilimia 25, hata kama mke yuko Kisumu.

Kijana wa Kaptembwa:
Mzee, shikamoo, lakini usimchanganye dada. Kaunsili hawaulizi ndoa, wanahesabu watu wazima waliomo. Viza inauliza ndoa, na mjane ana kisanduku chake, "widowed". Mjane si mseja! Kwetu Nakuru "single" ni chumba kimoja, choo mnashirikiana na majirani. Ukitaka choo cha ndani, tafuta bedsita.

Mzee wa Kondele:
Sijamchanganya mtu. Nimesema yaliyonipata.

Mama Pacha, Minneapolis:
Kaptembwa, heshimu wazee. Dada, mimi pia ni mjane. Mwaka alioaga baba watoto, fomu ya kodi ya huku Marekani, 1040, niliijaza kama mke. Watoto walipokua na kutoka nyumbani, fomu ikanifanya "single". Nililia pale mezani. Kijaluo mjane ni chi liel, mke wa kaburi. Mume amelala pale uani, na wewe bado ni mke wa boma lile. Huyo kijana wa saiba, Mjaluo kabisa, alimuuliza mama mzima swali gani hilo? Angemuuliza kwa Kijaluo wala makosa haya yasingetokea.

Mzee wa Kondele:
Kweli kabisa. Mama yangu aliishi hivyo miaka mingi, kila asubuhi akifagia kando ya kaburi kabla ya chai. Sijaliona tangu tumzike naye hapo.

Dada wa Nyalenda:
Asanteni, nimewasikia. Na rufaa je? Agosti inakaribia.

Mama Pacha:
Mwambie mama tunamsalimu sana. Omena bado anaanika mwenyewe?