Kumtembeza mama Nairobi kwa mtindo wa panda-shuka

Kutoka: Mama Neema, South B

Watanzania wenzangu wa Nairobi, habari za wikendi.

Mama yangu anakuja kutoka Same, kwetu Upare, wiki ijayo, pamoja na wajukuu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine 13. Watakaa siku tano. Mama ana miaka 71. Macho mazima, mdomo mzima, ila magoti yanamsumbua. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa, na kila nikimpigia ananiambia anataka kuiona Nairobi yenyewe, si sebule yangu na supamaketi.

Mwaka juzi kazi ilinipeleka Cape Town, nikapanda yale mabasi mekundu ya ghorofa yasiyo na paa. Unakata tiketi ya kutwa, unavaa visikizi, unasimuliwa kila mnapopita. Pakikupendeza unashuka, ukishiba unasubiri basi jingine na tiketi ni ileile. Nilishuka kwenye kebo za Table Mountain, nikashuka tena ufukweni Camps Bay, jioni nikarudi hotelini bila kumuuliza mtu njia. Nikasema moyoni, hii ndiyo starehe ya mama: anakaa, anaona, anashuka akitaka.

Nataka nimpangie kitu cha namna hiyo hapa. Gari la nyumbani mume anasafiri nalo. Bajeti ni ya Mpare, tunavyosemwa kwa kubana shilingi na kupenda kesi, mnaelewa. Nawasilisha.

Kutoka: Baba Brayani, Ngara

Mama Neema, mpe mama shikamoo yangu mapema. Bajeti ya Mpare tunaijua. Huyo mama akilipa nauli mara mbili kwa siku moja tutasikia kesi mpaka Moshi.

Niseme jambo moja kabla hujatafuta basi. Cape Town ule mzunguko unanoga kwa sababu vitu vimetawanyika kando ya barabara inayotembea. Nairobi ina mafungu mawili. Fungu la kwanza liko katikati ya mji na limebanana kiasi kwamba ukiwa garini utachelewa kuliko mwenye miguu. Kutoka KICC, lile jumba refu la mikutano, hadi kwenye sanamu ya Tom Mboya ni mwendo wa dakika chache tu, na mama atapumzika kwenye benchi. Fungu la pili liko Lang'ata na Karen, na huko vitu vina saa zake. Ukichanganya mafungu yote kwa siku moja, mama ataondoka anaijua foleni ya Lang'ata Road tu.

Kwa hiyo siku ya mji iwe Jumapili asubuhi. Magari ni machache, kelele ni chache, na watoto unaweza kuwaachia mkono kidogo. Anzia chini, Makumbusho ya Reli. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Mei 1899, na kabla ya hapo hapakuwa na mji, palikuwa na maji baridi ya Wamaasai, ndiyo maana ya jina Nairobi. Watoto waonyeshe behewa ambalo simba aliingia usiku mwaka 1900 pale Kima akamtoa mzungu aitwaye Ryall kupitia dirishani. Alikuwa amejipanga kumwinda huyo simba, usingizi ukamchukua. Wanangu hawajaacha kuisimulia hiyo habari hadi leo.

Mkitoka hapo vukeni Haile Selassie mpaka kona ya Moi Avenue, kwenye bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti. Ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa hapa, na asubuhi ileile Dar nako kulilipuliwa. Sisi tuliokuwa Dar siku ile tuna yetu ya kusema, lakini ukiyasoma majina ya ukutani utanyamaza. Msipite haraka.

KICC iko karibu na hapo. Ilikamilika 1973, ghorofa 28, na kwa kiingilio unapandishwa lifti mpaka karibu na paa. Ukiwa juu unaiona mbuga ya Nairobi upande mmoja na mji wote upande mwingine. Hiyo ndiyo ghorofa ya juu ya basi lako, isipokuwa hii haitikisiki. Chini yake Mzee Kenyatta ameketi na fimbo yake, mpigeni picha. Bunge na Ikulu msipige, soja atawafuata na mtapoteza nusu saa kuelezana.

Nguvu zikibaki, kuna sanamu ya Dedan Kimathi, yule mpiganaji wa Mau Mau, kwenye mtaa wenye jina lake, kisha Msikiti wa Jamia, na jirani yake maktaba ya McMillan ya 1931 yenye simba wa mawe mlangoni. Zikiisha, rudini kula.

Kutoka: Mwanafunzi wa Rongai

Shikamooni wakubwa.

Mimi nasema panda-shuka ya Nairobi ipo kila siku, inaitwa matatu. Namba 125 inatoka pale Railways kuja huku kwetu, inapita Lang'ata Road na inakushusha mbele ya lango kuu la mbuga, penye kituo cha wanyama yatima na ile njia ya kutembea kwa miguu kuangalia wanyama. Kama unakwenda Karen, 111 ya Ngong inakupitisha. Hao watoto waonjesheni nganya, zile zilizochorwa ubavu mzima, zenye taa na muziki. Miaka 13 huyo hatakusamehe asipopanda.

Mambo machache nilijifunza kwa kuaibika. Usiseme "kwenye kona shusha" kama Dar, makanga, yaani konda, atakutazama tu. Huku ni "shukisha hapo steji", na useme mapema maana hasikii kwa sababu ya muziki. Uliza nauli kabla hujakaa, kwa sababu mvua ikinyesha au saa kumi na moja ikifika inapanda. Akikwambia "mbao" ni ishirini, "soo" ni mia. Nendeni kati ya saa nne na saa tisa. Simu isikae mkononi karibu na dirisha lililo wazi, hata kama ni picha ya twiga.

Kutoka: Mzee wa Pangani

Marahaba mwanangu. Umesema vizuri, lakini huyo ni mama wa miaka 71 mwenye magoti. Ile ngazi ya nganya hata mimi naipanda kwa bismillahi, na gari linaondoka mguu mmoja ukiwa nje. Kijana apelekwe na kijana.

Nimekaa mji huu tangu miaka ya themanini. Wageni wangu nawakodishia gari la kutwa, van ndogo na dereva wake, wakigawana watu wanne au watano si mzigo. Ila nawapa tahadhari. Mwaka uliopita nililipa kampuni moja iliyotangaza "Nairobi nzima kwa siku moja". Tulikaa kwenye foleni saa mbili, tukapelekwa kwenye duka la vinyago saa nzima na dakika kumi, dereva akinywa soda ya mwenye duka. Tulipofika kwa watoto wa ndovu lango limefungwa. Shemeji yangu alirudi Tabora na kinyago cha kifaru asichokitaka.

Tangu siku hiyo mpango naandika mimi. Dereva namwambia: vituo vitatu, saa hizi, hakuna duka. Cha kwanza ni Sheldrick, wanapolelewa watoto wa ndovu waliopoteza mama zao. Wageni wa kawaida wanaruhusiwa saa moja tu kwa siku, tano asubuhi hadi sita mchana, na lazima uwe umeweka nafasi kabla. Ukichelewa umechelewa. Uliza gharama zote unapoweka nafasi, usiulizie langoni. Unasimama kwenye kamba, wanakuja kwa mstari na walezi wao, wananyonya chupa kubwa za maziwa, wanagaragara kwenye tope. Saa hiyo moja inatosha.

Kisha Giraffe Centre, wanapolisha twiga, si mbali. Kisha nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Kidenmaki, kama mama anapenda nyumba za kale. Kama hapendi, ruka, tafuteni chakula.

Na jambo la hati. Sehemu nyingi bei ni tofauti kwa raia wa Kenya, kwa sisi wa Afrika Mashariki na kwa wageni wa mbali. Bila pasipoti mkononi utawekwa kwenye fungu la mbali, na hapo hata asiye Mpare atalia. Picha kwenye simu wengine wanaikataa. Mbugani hawapokei fedha taslimu, unalipa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, kwa hiyo fanya nyumbani penye intaneti nzuri. Chupa za plastiki za maji zimekatazwa kwenye mbuga na misitu tangu Juni 2020. Bebeni chupa ya chuma, msije mkanywa lita mbili langoni kama shemeji yangu.

Kutoka: Mama Neema, South B

Asanteni sana wazee na wadogo. Nimeagana nao jana, sasa nalipa deni la taarifa.

Tulifuata ya Mzee wa Pangani siku ya Lang'ata. Nafasi ya Sheldrick niliweka siku nne kabla. Yule wa miaka 9 alihesabu ndovu wote na kuwapa majina ya ukoo, mkorofi kuliko wote akampa jina la mjomba wake. Giraffe Centre mama aligoma getini. "Nimetoka nchi ya twiga, nilipe hela Nairobi nimlishe twiga?" Kijana wa pale alikuwa na akili, akamwambia, mama, huyu si twiga wenu. Akamwonyesha miguu: hawa wa Rothschild kuanzia magotini kwenda chini ni weupe kama wamevaa soksi, na mabaka yao hayana zile ncha za majani kama ya twiga wa Kimaasai tuliyemzoea. Mama akainama kuangalia, magoti na yote, akakubali kwamba hajawahi kumwona. Basi akalisha. Ulimi ule ulipomgusa kiganja alipiga ukelele ambao wajukuu wameurekodi.

Nganya tulipanda pia, Mzee nisamehe. Mama alikaa mbele kwa dereva, konda mwenyewe alimshika mkono kumpandisha na gari likamsubiri. Kumbe ukiwaita "mwanangu" wanageuka watoto. Aliposhuka akaniuliza kama ule muziki ni kwa ajili ya kuwaonya watu barabarani.

Ila ninachotaka kuwasimulia ni Jumapili. Baba Brayani, wewe ulitutuma kwa simba wa Kima. Watoto walikwenda kwenye behewa, mimi nikawafuata, mama akasema atapumzika uwanjani kivulini penye vichwa vya treni. Tuliporudi hayupo kwenye benchi. Nikamkuta amesimama mbele ya kichwa kikubwa cha mvuke, rangi nyekundu ya udongo, kirefu kama nyumba tatu, mkono wake uko kwenye chuma. Ubavuni pana kibao cha jina: Mount Shengena.

Ambao si wa kwetu, Shengena ndicho kilele cha juu kabisa cha milima ya Upare. Kiko juu ya nyumba aliyozaliwa mama. Maji aliyokunywa utotoni yanatoka huko.

Mzee mmoja aliyekuwa pale akatueleza. Vichwa hivyo ni vya aina ya 59, vilitengenezwa Uingereza miaka ya 1955 na 1956, vyote 34 vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kila kimoja kina uzito wa zaidi ya tani 250. Vilikuwa vinavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, wakati reli ya nchi zetu tatu ilikuwa moja. Cha jirani yake kinaitwa Mount Gelai, nao ni mlima wetu, kule karibu na Ziwa Natron. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: kama jina ni la mlima wetu, mbona hakikupita Same hata siku moja? Mzee akasema reli kuu haikupita kule. Mama akasema, "Basi walilichukua jina tu."

Baba wa mama alifanya kazi kwenye reli ya Tanga, mimi sikulijua hilo mpaka Jumapili. Fundi wa kulaza mataruma karibu na Hedaru. Mama alikaa kivulini akawasimulia wajukuu saa nzima, jinsi walivyokuwa wakisikia treni ikija kabla hawajaiona, na babu akitoka mbio kuangalia kama ng'ombe hawako relini. KICC hatukupanda. Bustani ya Agosti 7 tulipita tukasimama kidogo, mama akafunga macho akaomba, tukaenda kula.

Jumatatu nilimuuliza anataka kwenda wapi, nikamtajia nyumba ya Blixen, msitu wa Karura, soko la Maasai. Akasema tumrudishe kwa Shengena, hakumpiga picha vizuri.

Kutoka: Baba Brayani, Ngara

Mama Neema, mlirudi na mkalipa kiingilio mara ya pili? Mpare?

Kutoka: Mama Neema, South B

Tulilipa. Alitoa mwenyewe mfukoni, na risiti ameondoka nayo. Anasema mjomba ana rafiki wakili Moshi, atamuuliza kuhusu hilo jina.