ZnO ya kupulizia: alumini 5% inapandisha ukinzani badala ya kuushusha

Kizota_Lab:
Wakuu, habari za kazi. Nipo Dodoma, natengeneza tando nyembamba za zinki oksaidi juu ya kioo kwa kupulizia, hotipleti ikisoma 420°C. Natumia zinki asetati 0.2 M (moli 0.2 kwa lita), dopanti (kiongezwa cha kubadili upitishaji umeme) ni alumini kloraidi, mizani inasoma hadi gramu 0.01. Kutoka 0% hadi 2% ukinzani unashuka vizuri. Nikifika 5% unapanda hadi kuupita wa 1%. Nikimaliza kupulizia nachoma tena kwenye tanuru la kawaida, 450°C saa nzima. Alumini ikizidi si elektroni nazo zinazidi? Nakosea wapi?

Mtandazaji:
Mkuu, umeme kupita kunategemea mambo mawili: elektroni huru ziko ngapi, na zinasafiri kwa wepesi gani. Wewe umehesabu la kwanza tu.

Ioni ya alumini (Al³⁺) ikikaa mahali pa ile ya zinki (Zn²⁺) inaachia elektroni moja. ZnO ina atomu za zinki kama 4.2 × 10²² kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo 2% ingeweza kutoa takriban 8 × 10²⁰, kama alumini yote ingekaa mahali pake. Haikai yote. Inayokosa nafasi hukimbilia kwenye mipaka ya punje (vijifuwele vinavyounda utando), hushikana na oksijeni, na hapo inakuwa ukuta. Hata iliyokaa vizuri hubaki na chaji inayozipinda elektroni njiani. Tena Al³⁺ ni ndogo kuliko Zn²⁺, kwa hiyo fuwele inakazwa na punje zinadumaa. Pima kwa eksrei: kilele cha (002), yaani cha tabaka za fuwele zilizolala sambamba na kioo, karibu na 34.4°, kikifupika na kunenepa kwenye sampuli ya 5%, jibu unalo. Kwa njia hii ya kupulizia kaa kati ya 1% na 3%.

Nozeli_Safi:
Kabla ya fizikia, mizani. Kwa mililita 100 za 0.2 M yenye Al 2% unahitaji zinki asetati (yenye maji mawili) g 4.30 na alumini kloraidi (yenye maji sita) g 0.097. Mizani yako inakosea 0.01, yaani kasoro ya kama 10% kwenye dopanti peke yake. Na ile chumvi inanyonya unyevu, chupa ikikaa wazi uzito unadanganya.

Fanya hivi: yeyusha g 2.41 za alumini kloraidi, ujaze hadi mililita 100. Hiyo ni 0.1 M. Kisha chota kwa pipeti: mililita 4 ndiyo 2% yako, mililita 2 ndiyo 1%, na zinki uipunguze kiasi hichohicho cha moli. Tumia maji yaliyotoneshwa. Ya kisima huku kwetu yana chumvi, na sodiamu ikiingia kwenye utando inakula elektroni ulizozitafuta. Mchanganyiko ukianza kuwa kama maziwa, ongeza asidi ya asetiki tone kwa tone mpaka uwe angavu.

Themokapo (kipimajoto cha waya) iguse uso wa kioo. Namba ya hotipleti inaweza kuwa juu ya joto halisi la kioo kwa nyuzi 30 au zaidi. Puliza sekunde 5 hadi 10, pumzika nusu dakika joto lirudi. Upepo wa Julai ukiingia dirishani, upande mmoja wa kioo unapoa na utando unatoka na mawingu. Funga dirisha, lakini kabati la kufyonza hewa liwe linafanya kazi: kama unayeyushia kwenye methanoli, mvuke wake ni sumu na unashika moto kwa urahisi.

Mtandazaji:
Na hilo tanuru la kawaida ndilo linalokuumiza zaidi. Kwenye hewa, oksijeni inanata kwenye nyuso za punje na kunyang'anya elektroni. Punje zikiwa ndogo, kama za 5%, nyuso ni nyingi, hasara ni kubwa. Choma kwenye ombwe, au naitrojeni yenye haidrojeni 5%, 350–400°C kwa dakika 30, na usifungue kabla haijashuka chini ya 100°C.

Ukipima kwa ncha nne: 10 mV kwa 0.1 mA ni ohmu 100; zidisha kwa 4.53, kizidishi cha kipimo hiki kwa utando mwembamba: 4.53 × 100 = ohmu 453 kwa mraba. Zidisha kwa unene, tuseme nm 300 (sm 3 × 10⁻⁵), upate 1.4 × 10⁻² Ω·sm. Linganisha namba hii, kwa sababu unene wa sampuli zako haufanani.

Kizota_Lab:
Asante sana wakuu. Moja la mwisho: pengo la nishati (nishati ya kuirusha elektroni iwe huru) limetoka 3.28 eV likawa 3.36 kwenye 5%. Ni kasoro ya kipimo?

Mtandazaji:
Hapana, hiyo ni athari ya Burstein na Moss, walioieleza mwaka 1954. Elektroni zimejaza ngazi za chini za bendi ya upitishaji (eneo la nishati la elektroni huru), mwanga unalazimika kuzirusha juu zaidi. Maana yake ndani ya punje elektroni unazo, zinakwama mipakani. Chukua sampuli hiyohiyo ya 5%, ichome kwenye naitrojeni na haidrojeni, uipime upya. Ukinzani ukianguka sana, tanuru ndilo lililokuwa tatizo. Ukishuka kidogo tu, rudi kwenye 2%.