Tupeane uzoefu: ulipozunguka Ulaya miji mitatu minne, begi kubwa uliliacha wapi?

KigomaMwishoWaReli
Wakuu habari za jioni. Leo nimempeleka mdogo wangu eropoti hapa Dar, anaenda Amsterdam, Paris, Roma halafu anarudia Amsterdam, nikamuona anavyohangaika na masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, nikakumbuka yaliyonikuta 2017 mpaka nikakaa kwenye gari muda mrefu sijawasha. Maana kutoka huku unapewa kilo za kutosha, ila ukifika kule ukitaka kuruka mji hadi mji na zile ndege za bei rahisi, tiketi yako ni ya kibegi cha kuingia chini ya siti tu, sanduku linalipiwa peke yake na kuna siku linakuwa ghali kuliko mwenye sanduku.

Mimi nilikuwa naenda Hamburg kwa shangazi, nikasema kwanza nizunguke Köln, Brussels na Amsterdam. Sanduku moja lote lilikuwa lake: dagaa wa Kigoma, unga wa muhogo, vitenge, na mawese chupa mbili nimezifunga kwa nailoni. Pale stesheni kuu ya Köln kuna mashine, unaweka sanduku kwenye kijilango, unalipa, mlango unafunga, sanduku linashushwa chini ya stesheni huko usikokuona, unabaki na kadi mkononi. Nikaenda zangu na kibegi cha mgongoni, raha mustarehe.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Ujerumani stesheni mzigo mwisho masaa 72. Mimi nimerudi siku ya 5. Naingiza kadi, mashine inaitema. Naingiza, inaitema. Mwezi wa saba huo, joto, na dagaa wako ndani. Nikaambiwa sanduku limeshatolewa, liko ofisini kwao, nikaenda, nikalipa, wakasema lifunguliwe mbele yao. Chupa moja ya mawese ilikuwa imepasuka. Vitenge vyote vyekundu. Shangazi hakuwa ameonja dagaa wa nyumbani miaka 9, na mimi nimesimama pale nasugua kitenge kwa tishu nasema samaki, samaki, maana Kijerumani sijui. Nililia jamani, sifichi.

Nyie mabegi yenu mliyaacha wapi?

Jembe Butu
Tatizo lako ulibeba duka zima. Ulaya unaenda na begi moja la mgongoni, suruali mbili, unafua usiku. Mimi nimezunguka nchi 5 hivyo.

Mama Wawili
@Jembe Butu wewe ulikuwa unaenda kwa nani? Mtu unaenda kwa shangazi yako hajaja nyumbani miaka 9 unaingia mikono mitupu umebeba suruali mbili? Hayo malezi gani.

Jembe Butu
Nilikuwa naenda kutembea dada, sio kuhamisha soko la samaki.

Mama Wawili
Basi acha wanaokwenda kwa watu waongee.

pemba_peremba
Hahaha poleni. Miye nliacha hotelini Roma karibu na stesheni kuu ya Termini, nkalala siku mbili nkaenda Napoli na Bari nkarudi hapohapo kulala siku ya mwisho. Bure kabisa, hawakunitoza hata senti. Hoteli nyingi wanakuwekea ukishakuwa mgeni wao, sharti urejee kwao. Ila lile sanduku liliwekwa koridoni tu chini ya ngazi, kila apitaye anaweza kulibeba. Nlilifunga kipande cha kanga mkononi nkalipiga picha, na kila siku nkipiga simu kuuliza lipo?

mkaaji wa Rongai
Hapo kwa koridoni ndio mimi nililia. Sio Roma, mji mwingine sitautaja, hoteli ndogo, nikaambiwa weka tu hapa ni salama. Venye nilirudi, bag hakuna. Mwenye hoteli ananionyesha karatasi ukutani imeandikwa hawawajibiki. Ndani kulikuwa na suti ya harusi ya ndugu yangu. Tangu hiyo siku mimi nalipia loka ya stesheni, hayo makabati ya kufungia mzigo, hata kama ni ghali, kuna kamera na kuna namba ya siri.

MtuWaMbeya
Loka nazo sio kila mahali. London stesheni kubwa hutakuta loka za kujifungia mwenyewe, ni ofisi, unampa mtu, begi linapita kwenye mashine kama eropoti. Ni mambo ya mabomu ya IRA hayo, wale wapiganaji wa Ireland wa miaka ile, hata ndoo za taka zilitolewa stesheni. Paris pia begi linapita mashine kabla hujafika kwenye loka. Kwahiyo usiende dakika 10 kabla ya treni ukategemea kutupa begi na kukimbia, foleni itakuacha.

Jembe Butu
Treni nyingi kule hakuna anayepima kilo. Pandeni treni na masanduku yenu, acheni ndege.

KigomaMwishoWaReli
Hapo kwenye treni nakubaliana na wewe. Ila kuna ngazi. Venice ukitoka tu stesheni ya Santa Lucia ni madaraja, kila daraja ngazi, mwenye kilo 46 atafika hoteli kesho.

muscat_kwetu
Wallahi Venice ilinivunja magurudumu mawili. Liacheni stesheni, msiingie nalo mjini.

SafariNjema88
Nimesoma kimya kimya ila sasa niseme yangu, maana hamjagusa kitu ambacho kwa sisi wenye pasi za huku ndio kikubwa kuliko kuibiwa.

Mwaka 2018 nilikwenda Paris kwa semina ya siku 6, tiketi yangu ni Dar kwenda Paris na kurudi Dar kutokea Paris. Nina viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya ila Uingereza haimo, na nina viza ya Uingereza, nikasema baada ya semina nivuke London siku 3 nikamuone dada yangu aliyejifungua, nirudi Paris, nipande ndege. Sanduku kubwa nikaliweka loka pale Gare du Nord, stesheni ya treni za London, nikalipia siku 3. Ndani kuna dawa za presha za mama nilizomnunulia za miezi 6, kompyuta ya ofisi, na vyeti vyangu orijino ambavyo semina walitaka kuviona. Nikabaki na kibegi na nguo za mtoto.

Pale pale Gare du Nord kabla ya kupanda treni nikapita kwa polisi wa Ufaransa, wakanigongea muhuri wa kutoka, hatua chache mbele Waingereza wakanigongea wa kuingia. Nilifurahi ule muhuri, nikaupiga picha nikamtumia mama. Sikujua ndio umenifungia mlango.

Siku ya tatu nipo stesheni ya St Pancras, London, narudi. Polisi wa Ufaransa wako hapo hapo London, unakaguliwa kabla hujapanda. Yule dada akafungua pasi, akaangalia, akaangalia tena, akamwita mwenzake. Akaniwekea kidole kwenye stika ya viza, palipoandikwa idadi ya kuingia: 01. Nimeshaingia mara moja, nimeshatoka, viza imekwisha hata kama tarehe bado. Namwambia sanduku langu liko Paris, ndege yangu kesho usiku, nikamuonyesha tiketi, nikamuonyesha karatasi ya loka, nikamuonyesha jina la mama kwenye risiti ya dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu mbaya. Akanirudishia pasi akaniambia niende kwa yule askari wa pembeni anitoe nje.

Nilikaa chini pale stesheni watu wananiruka. Muda niliolipia loka umebaki saa 3 tu. Paris simjui mtu. Nikakumbuka siku ya pili ya semina nilitembea mpaka Château Rouge, ni karibu na pale Gare du Nord, kuna soko la vyakula vya kwetu, nikanunua chai na maandazi kwa mama mmoja wa Bukavu, Congo, tukaongea Kiswahili akafurahi akanipa namba yake. Nikampigia sina hata salio la maana. Namueleza huku nalia. Akaniambia, nakumbuka mpaka leo, "Usilie mwana wangu, ile valizi nitaitosha." Mimi nikaelewa haitoshi, nikazidi kulia! Nikaipiga picha ile karatasi ya loka yenye namba nikamtumia. Baada ya dakika 40 akanitumia picha yeye na sanduku langu barabarani.

Tiketi ya Paris ikapotea yote. Nikanunua nyingine kutokea London kupitia Addis Ababa kwa hela ya kukopa kwa shemeji. Sanduku lilikaa chini ya kitanda cha yule mama miezi 4 mpaka alipopatikana mtu anakuja Dar. Hakugusa kitu, na dawa za mama aliziweka kwenye friji maana alisoma karatasi.

Mama Wawili
Nimelia. Mungu ambariki huyo mama.

mwana_kivu
Kutosha kwetu ni kuondoa, kutoa. Nitaitosha = nitaitoa. Valizi ni sanduku. Huyo ni mama wa kwetu kabisa, mwambie wa Kivu tunamusalimia.

SafariNjema88
Nitamwambia. Mpaka leo kila Idi na kila Krismasi nampigia.

MtuWaMbeya
Mkuu kosa ni lako la kuomba viza ya kuingia mara moja. Ungeomba ya mara nyingi.

SafariNjema88
Niliomba ya mara nyingi. Wanakupa wanayotaka wao. Kosa langu ni kutoisoma.

mkaaji wa Rongai
Na usimlaumu, wengi huangalia tarehe tu. Mtu anaona siku 30 anasema niko poa.

pemba_peremba
Kwahivyo London iwe mwanzo au mwisho, isiwe katikati.

muscat_kwetu
Au usiache kitu popote. Mimi tangu Venice nakata tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, kila kitu natembea nacho.

KigomaMwishoWaReli
Mimi nampinga muscat, ukiingia na kutoka mji mmoja ndio unaweza kuacha mzigo hoteli ukarudi kuuchukua. Ila ziwe nchi za Schengen tupu. Na kama una mtu ndani ya Ujerumani, mzigo wake mtumie kwa posta ukishafika, kifurushi wanapokea hadi kilo 31.5, mimi ningejua ningetuma dagaa siku ya kwanza wangefika Hamburg kabla yangu.

Jembe Butu
Au ungewala mwenyewe Köln.

Mama Wawili
Jembe leo umeamua.

bintiMorogoro
Samahanini naingilia. Nimesoma hadithi ya SafariNjema88 nikaenda kufungua kabati kuangalia pasi yangu. Naenda Alhamisi. Paris siku 4, London siku 3, narudi Paris kupanda ndege, na sanduku nilipanga kuliacha loka hapo hapo Gare du Nord. Imeandikwa 01.

SafariNjema88
Dada usilale. Kesho asubuhi kabla hawajafungua uwe mlangoni pa wakala wa tiketi, mwambie ya kurudi itokee London. Na sanduku lisikae Paris hata usiku mmoja, panda nalo treni. Nitumie namba yako inbox, nikupe na ya mama wa Bukavu.